Lagi, shaba au TIG? Fremu ya kutengenezewa kwa mkono, ipi inakufaa

Ukienda maonyesho ya baiskeli za kutengenezwa kwa mkono kwa mara ya kwanza macho yanakimbilia rangi. Ndo kazi ya rangi, imewekwa pale ikuite. Fremu za Dario Pegoretti kwa mfano, yule fundi wa Italia aliyefariki 2018, mtu anaweza kusimama mbele yake muda mrefu tu anaangalia michoro na akaondoka hajui hata mabomba yameunganishwaje. Ila kama umeenda pale una hela ya kuweka oda, au unadunduliza kidogo kidogo mpaka itimie, cha kuangalia ni pale bomba linapokutana na bomba. Rangi utapiga upya miaka ijayo, maungio utaishi nayo.

Na hapo ndo watu wanakwama, manake meza ya kwanza fundi anakwambia lagi, ile soketi ya chuma bomba linapoingia, ndo ufundi wenyewe na vingine vyote ni njia za mkato, meza ya pili mwenzake anasema lagi ni mambo ya wazee, shaba bila lagi ndo inampa mteja uhuru, afu ukifika kwa jamaa wa TIG, yani anayechomelea kwa umeme, anacheka tu anasema hao wawili wanakuuzia nakshi. Kila mmoja ana haki yake kiasi. Hii ni kwa yule aliyetoka pale na vipeperushi mkononi na kichwa kizito.

Maonyesho yenyewe yapo, hasa kwa sisi tulio ughaibuni. Bespoked ilianzia Bristol, Uingereza, 2011, imeshafanyika London na miji mingine na 2023 ikavuka kabisa mpaka Dresden, Ujerumani. Marekani walikuwa na NAHBS, iliyoanza Houston 2005 ikawa inahama mji hadi mji mpaka Sacramento 2019, siku hizi walio upande wa Portland wana MADE tangu 2023, na walio Philadelphia wana Philly Bike Expo tangu 2010. Naongelea fremu za chuma, manake ndo zinazojaa humo ndani na ndo zenye hizi njia tatu za kuchagua. Titani nitaigusa kidogo huko chini.

Vigezo kwanza

Nimepima kwa vitu vitano. Muonekano, yani nini unaweza kukagua kwa jicho na kidole pale pale kwenye meza. Vipimo, yani fundi ana uhuru kiasi gani wa kuifuata miili yetu hii. Uzito na uendeshaji. Kutengenezeka, hasa kama baiskeli itaishia kusafiri nyumbani. Na bei pamoja na foleni.

Kitu kimoja nikimalize mapema ili tusirudi rudi: hicho kigezo cha uendeshaji watu wanakikuza kuliko kinavyostahili. Ulaini au ugumu wa baiskeli unatoka kwenye unene na kipenyo cha mabomba, jometri (pembe na urefu wa fremu), na zaidi ya vyote matairi na upepo uliojaza. Namna ya kuunganisha inachangia kidogo mno. Mtu akikwambia anahisi lagi kwenye makalio, muitikie kwa heshima uendelee na safari yako.

Lagi

Lagi ni soketi ya chuma, bomba linaingia ndani yake, fundi anapasha moto kwa gesi, anaweka fedha au shaba ya njano, ile madini inayeyuka na kuvutwa yenyewe kwenye upenyo mwembamba kati ya soketi na bomba. Unazijua hata kama hukuwahi kuziuliza jina. Phoenix ya babu, Raleigh ya mwalimu, Hero, zote pale shingoni zina lagi. Tofauti ni kwamba za kiwandani zilikaa kama zilivyotoka, za fundi wa oda zimepigwa tupa masaa na masaa.

Muonekano. Hapa ndo raha yenyewe. Sogea mpaka pua iguse fremu, tafuta ncha ya lagi pale inapoishia juu ya bomba. Kazi nzuri utaiona imepunguzwa unene kuelekea ukingoni, na mstari wa fedha unaozunguka ule ukingo ni mwembamba, haukatiki popote. Sasa hamia upande wa pili wa baiskeli ulinganishe: ncha ya kushoto na ya kulia zina urefu mmoja? Ukiona kishimo kwenye mstari, tone limemwagika likaachwa, au ncha moja imezidi mwenzake, umeshapata jibu bila kumuuliza mtu. Na omba kuona fremu isiyo na rangi, wengi wanakuja nayo makusudi na wanafurahi ukiiuliza. London kulikuwa na Hetchins ambao tangu miaka ya 1930 walikuwa wanachonga lagi kwa mapambo ya kujikunja kunja na mabomba ya nyuma yaliyopinda, mpaka leo kuna watu wanazikusanya kama mikufu ya dhahabu. Na Marekani kuna Richard Sachs, aliyeenda kujifunza London kwa Witcomb mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukitaja jina lake mbele ya wapenzi wa hizi mambo hamna haja ya kuongeza neno lagi.

Vipimo. Huu ndo udhaifu wake. Lagi inatoka kwa aliyeimimina ikiwa na pembe yake na kipenyo chake tayari. Za zamani zinapokea bomba la juu la milimita 25.4 na la chini 28.6, zilizofuata 28.6 na 31.8. Fundi anaweza kuilazimisha digrii moja, mbili, zaidi ya hapo itabidi aichonge lagi mwenyewe kutoka vipande vya bomba, na bei inapaa. Kwa hiyo ukiwa mrefu kupitiliza au mfupi sana, ukitaka bomba la juu lishuke kwa mteremko mkali, au ukitaka mabomba manene ya siku hizi, lagi itakubana.

Uzito na uendeshaji. Zinaongeza gramu kadhaa, hazimzuii mtu kupanda Kitonga. Cha maana zaidi ni moto: fedha inayeyuka kwenye nyuzi 600 na kitu mpaka 700 na ushee, shaba inataka karibu 900, kwa hiyo ukiunganisha kwa fedha bomba haliungui sana. Mabomba kama Reynolds 531 ya Birmingham, iliyotoka 1935, yalitengenezwa kwa dunia hii ya kulehemu.

Kutengenezeka. Kinadharia hii ndo bora. Bomba likiharibika fundi anapasha lagi, anachomoa bomba, anaweka jipya. Nasema kinadharia kwa sababu lazima awe fundi anayejua kuchezea moto, vinginevyo anaharibu na bomba la jirani.

Bei na foleni. Jiandae. Masaa ya tupa lazima yalipwe, na mafundi wenye majina foleni zao zinahesabiwa kwa miaka. Sacha White wa Vanilla kule Portland alifika mahali foleni yake ikawa habari yenyewe.

Inamfaa mwenye mwili wa saizi za kawaida, anayependa sura ya kizamani, mabomba membamba yaliyonyooka, na ambaye haraka hana.

Shaba bila lagi

Hii mafundi wa huku wanaiita fileti. Bomba linachongwa mdomo mpaka likae sawasawa kwenye mgongo wa bomba jingine, halafu kona yote inajazwa shaba ya njano kwa moto wa gesi, baadae inapigwa tupa na msasa mpaka inakuwa mkunjo laini kana kwamba fremu imemiminwa kipande kimoja.

Muonekano. Ikiwa haijapigwa rangi ni kitu kizuri ajabu, chuma kijivu afu kila kona ina shaba inang'aa. Ila hapa kuna mtego na ndo sehemu ambayo ningependa usome mara mbili. Ule ulaini unaokuvutia umetokana na tupa, na tupa haina macho. Bomba la fremu nzuri pale mwisho lina unene wa milimita 0.8 au 0.9, katikati linashuka mpaka 0.6 au 0.5. Fundi akizidisha msasa pembeni ya shaba anakula bomba lenyewe, anapunguza chuma pale pale penye mzigo mkubwa, na baada ya rangi hutajua kamwe. Pitisha kidole taratibu (omba ruhusa kwanza bwana, sio sokoni pale) kutoka kwenye shaba kwenda kwenye bomba. Ukihisi kabonde kadogo kandokando, kaa mbali. Mafundi wengine hawapigi tupa kabisa, wanaacha shaba ilivyokaa, na kama mkono umetulia utaona kingo zake zimenyooka tu. Mi binafsi huyo namwamini kuliko mwenye kona za kioo. London kuna Caren Hartley, aliingia kwenye baiskeli akitokea kwenye usonara, na ukijua hilo unaelewa kwa nini kona za baiskeli zake zinatazamwa vile.

Vipimo. Uhuru kamili. Pembe yoyote, kipenyo chochote, bomba la duara au la yai. Baiskeli za milimani zilizaliwa humu humu, California miaka ya 1970 mwishoni Joe Breeze alitengeneza za kwake 1977, Tom Ritchey akafuata, na lagi za kupokea mabomba na pembe walizozitaka hazikuwepo dukani, basi wakajaza shaba maisha yakaendelea.

Uzito na uendeshaji. Katikati. Shaba ina uzito wake lakini hamna soketi.

Kutengenezeka. Kwa ughaibuni ni kawaida, kubadilisha bomba inabidi likatwe, shaba ya zamani isafishwe, jipya lilehemiwe. Kwa nyumbani ndo inapendeza, nitaeleza huko mwisho.

Bei na foleni. Mara nyingi bei yake iko jirani na ya lagi, wakati mwingine juu zaidi ukitaka kona zisuguliwe mpaka zing'ae. Ukikubali kona zisizosuguliwa muulize kama atapunguza, wapo wanaopunguza.

Inamfaa mwenye mwili usiofuata saizi za dukani, anayetaka nafasi ya matairi mapana, keria mbele na nyuma, na bado anataka mkono wa mtu uonekane.

TIG

Hapa hamna shaba wala fedha. Ni umeme, mabomba yenyewe yanayeyushwa yanashikana, kawaida na waya mwembamba wa chuma wa kuongezea, huku gesi ya argoni inazuia hewa isiharibu. Joto la hapo ni zaidi ya nyuzi 1,400 lakini kwenye kisehemu kidogo na kwa muda mfupi.

Muonekano. Watu wanaidharau kwa sababu hata mageti yanachomelewa, si ndio? Hebu iangalie vizuri. Mshono mzuri umekaa kama mawimbi madogo ya mchanga maji yakishatoka ufukweni, kila kimoja na mwenzake umbali sawa. Hauna pa kujificha manake haupigwi tupa, unachokiona ndo kilichofanyika. Usiishie shingoni ambapo kila fundi anajitahidi. Inama, angalia chini pale ekseli ya pedeli inapopita, kwenye ile kona finyu kati ya mabomba mawili ya nyuma, mkono haupati pa kuegemea. Kama mawimbi yamebaki sawa mpaka humo ndani, huyo anajua. Hiyo kona ikague kwenye njia zote tatu, ila kwenye TIG inasema zaidi.

Vipimo. Uhuru sawa na wa shaba.

Uzito na uendeshaji. Ndo nyepesi zaidi, hamna soketi wala shaba ya kuongeza uzito. Kihistoria ilichelewa kukubalika kwenye fremu za bei kwa sababu mabomba kama 531 hayakufaa kuyeyushwa namna hii, yalihitaji kulehemiwa. Ikabidi watumie chuma chenye kromu na molibdeni, afu miaka ya 1990 Reynolds wakaleta 853 ambayo pale kwenye mshono ikipoa na hewa inapata ugumu badala ya kuupoteza. Pegoretti niliyemtaja juu alikuwa kati ya wa mwanzo Italia kuichukulia TIG kama kazi ya heshima kwenye baiskeli za barabarani, kwa hiyo anayekwambia TIG haina roho muoneshe hiyo.

Kutengenezeka. Kilichoyeyushwa pamoja hakiachanishwi, bomba likifa linakatwa. Fundi yeyote wa fremu wa TIG anaweza kuweka jingine. Fundi wa mageti hawezi, na tusidanganyane hapo.

Bei na foleni. Kawaida ndo nafuu na ndo ya haraka, tunaongelea miezi. Hapa Uingereza fremu ya chuma ya oda, kwa njia yoyote ile, hesabu kuanzia kama pauni 1,500 mpaka 2,000 na kwenda juu bila kusimama, halafu bado hujanunua rimu wala breki.

Inamfaa anayetaka vipimo vyake vyote, uzito mdogo na pesa ibaki kidogo ya matairi mazuri.

Na titani?

Titani kwa ufupi inachomelewa kwa TIG, argoni inajazwa hadi ndani ya bomba. Angalia rangi ya mshono: wa fedha au wa manjano mepesi ni salama, bluu iliyokolea au kijivu kama jivu maana yake hewa iliingia. Kuna pia wanaochapa lagi za titani kwa printa ya 3D na kugundishia mabomba ya karboni, kama Atherton kule Wales na Bastion wa Melbourne, kwa hiyo wale wanaosema lagi ni mambo ya wazee wangojee kidogo. Mianzi nayo usiicheke, Kampala kuna Boogaali wanaotengeneza fremu za mianzi na zinaendeshwa na watu wazima wenye akili zao.

Sasa wewe uko wapi?

Kama baiskeli itakaa Ulaya au Marekani maisha yake yote, barabara ya lami, mwili wako unaingia kwenye saizi za dukani bila shida na unachotaka ni kitu cha kumrithisha mtoto, nenda kwenye meza za lagi na ulizia foleni kabla hujaulizia bei. Kama jibu la foleni linakuumiza, wapo mafundi wachanga wa lagi ambao hawajapata jina, na ule ukaguzi wa ncha unafanya kazi kwao vile vile.

Kama wewe ni futi sita na nusu, au una mgongo wa operesheni, au mikono mifupi kwa kiwiliwili kirefu, achana na lagi bila majuto. Chagua kati ya shaba na TIG kwa bajeti yako.

Kama unapanga iende nyumbani, Iringa, Eldoret, Moshi, popote penye vumbi na matuta, hapo suala ni nani atashika moto siku fremu ikipasuka. Chomelea yetu ya kila kona ni ya umeme wa vijiti, ile ya mageti na matoroli, na ile kwenye bomba la milimita 0.6 ni msiba. Nilimuonesha fundi mmoja Gerezani kipande cha bomba la fremu nilichokuwa nacho, akakigeuza geuza akaniambia, "Kaka, hii nikiigusa na kijiti natoboa. Kampe yule wa gesi anayepiga bodi za magari." Na kweli, mafundi wa bodi wanaotumia gesi na shaba wapo Dar, wapo jua kali ya Nairobi, wapo miji mingi, na shaba wanaizoea. Ndo maana kwa matumizi haya mizani inaelekea kwenye shaba, ziwe na lagi au bila, na umwambie fundi wako mapema akupe mabomba mazito kidogo. TIG nayo si kwamba haiendi, watu wanaokaa karibu na fundi mwenye mashine ya argoni, wale wa vyuma visivyoshika kutu, wanaweza kupona, ila wawe wamejaribu mkono wake kwenye bomba jembamba kwanza.

Kama unaruka na ndege kila Desemba na mzigo wa baiskeli unakutoa jasho kwenye kaunta, ulizia viungio vya S&S, fremu inagawanyika katikati na baiskeli nzima inaingia kwenye boksi la inchi 26 kwa 26 kwa 10. Vinawekwa kwenye njia zote tatu kwa hiyo havikulazimishi kuchagua, vinaongeza bei tu.

Kama hela ni ya mawazo lakini unataka fremu ya vipimo vyako mwaka huu huu, TIG, tena yenye rangi moja. Fedha ya michoro peleka kwenye magurudumu.

Na kama bado hujaamua, usitoe advansi siku ya maonyesho. Chukua namba ya mafundi wawili watatu, watumie vipimo vyako na maelezo ya barabara unazopita, uone nani anarudisha maswali. Anayekuuliza matairi ya upana gani, utabeba keria ya kilo ngapi, magoti yanakuumaje, huyo mpe nafasi ya kukuchorea fremu kwanza. Anayekutumia namba ya akaunti kabla ya mchoro, mwache.